Mpiga Dramu wa "Mlango wa Bati"

Mara ya kwanza mama yule kuingia chumbani mwangu hakupiga hodi, na alikuwa na kisu mkononi.

Nilikuwa nimehamia Magongo juzi tu, nimepata kazi kwenye depo ya makontena. Jumamosi ile nilikaa kitandani na gitaa langu la besi, nikijaribu amplifaya niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Plagi yake ilikuwa imevunjika njiani. Nikafanya kama wafanyavyo wengi: nikazimenya nyaya, nikazitia kwenye matundu ya soketi, nikazikaza kwa njiti za kiberiti. Sikuwa nimemaliza hata kutuni nyuzi, stima ikazimika ploti nzima, vyumba vyote vya wapangaji. Mlango ukafunguka. Mwanamke mrefu, mtu mzima, leso kiunoni, akanipita kana kwamba mimi ni kabati. Akazichomoa zile nyaya na kuanza kuzikatakata kwa kisu cha mboga.

"Shikamoo," nikasema, maana sikupata lingine la kusema.

"Marahaba. Wataka kufa?"

"Hapana, mama."

"Basi wataka kutuua sisi." Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia. "Kanunue plagi. Yenye miguu mitatu, si miwili. Nikiona njiti kwenye ukuta huu tena, haki ya Mungu, utahama wewe ama nitahama mimi. Na mimi sihami."

Akatoka, akawasha swichi kubwa ya ploti, akarudi kwenye pishi lake. Hakuna mpangaji aliyeshtuka. Jirani yangu wa ukuta mmoja alichungulia tu akacheka.

"Mzoee," akasema. "Huyo ndiye mpiga dramu."

Nilidhani ni jina la utani, kwa sababu ya kelele zake. Ilinichukua muda kujua kwamba ndiyo kazi aliyowahi kuifanya, na kwamba mapigo yake nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni bila kujua ni ya nani.

Nilipomjua mimi, alikuwa akishona sare za shule barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Akina mama wa kanisani waliwahi kuchanga wakamnunulia cherehani ya stima. Aliipokea kwa shukrani, akaifunika kitambaa kizuri, akaweka juu yake picha na maua ya plastiki. Haikuwahi kushona hata pindo. Mguu wake kwenye ile ya kukanyaga ulikuwa na mwendo ambao mtu mwenye sikio angeutambua: haukuwa mwendo wa fundi anayewahi kazi. Ulikuwa unabembea. Ukipita uani na ndoo ya maji, ulijikuta unatembea nao.

Vidole vyake navyo havikutulia. Alipiga meza, alipiga sufuria, alipiga paja lake mwenyewe mchungaji akihubiri. Ukimwambia, aliviangalia vidole kama vya mtu mwingine. "Viache," alisema. "Haviniombi ruhusa."

Alikuwa na ulimi mkali kuhusu muziki wangu. Bendi yetu ilikuwa ya harusi za kawaida, na mimi nilijiona napiga vizuri. Siku moja akaniuliza kupitia dirishani, "Baba, hiyo besi yako yakimbia. Nani anaifukuza?" Siku nyingine akaniambia kwamba mpiga besi akikimbia, harusi nzima inajikwaa. Alipenda kusema kwamba ngoma si kupiga. Ngoma ni kujua wapi usipige. Lakini kanisani, kwa yule kijana wetu aliyeziponda dramu kama anayevunja mawe, hakusema hata neno. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, amekumbatia mkoba wake kwa nguvu. Ibada ikiisha alimwendea kijana yule, akamshika mkono, akamwambia amepiga vizuri. Nilimuuliza kwa nini yeye anasifiwa na mimi naambulia kejeli.

"Yeye hatapiga zaidi ya hapo," akasema. "Wewe nina matumaini nawe."

Alidanganya umri wake waziwazi. Aliiba kwenye mchezo wa karata na ukimshika alikucheka usoni. Mtu akiugua kwenye ploti, uji wa kwanza ulitoka kwake. Lakini ukimshukuru sana alikasirika. Na alikuwa na hii vita yake na umeme, ambayo haikupoa mwaka hata mmoja. Mvua ikinyesha alizima kila kitu chumbani mwake, akakaa na taa ya chemli. Alipita kwenye vioski akichungulia nyuma ya friji za watu. Wenye vioski wengine walimfukuza. Mmoja alimmwagia maji ya vyombo. Alirudi nyumbani amelowa, akaenda tena kesho yake.

Sasa niseme kuhusu wimbo.

Mtu yeyote aliyekulia pwani hii anaujua "Mlango wa Bati". Hata wale wasiopenda roki wanaupenda huo. Unaanza na besi peke yake, noti mbili tu, moja juu moja chini, kama mtu anayekwenda na kurudi nje ya nyumba. Kisha gitaa la solo linaingia, nalo limepotoshwa sauti hadi linakwaruza kama kucha kwenye bati. Dramu hazianzi pale unapozitarajia. Zinachelewa kidogo, na zikiingia unagundua kwamba chini ya roki yote ile, mguu wa dramu unapiga mwanzele, ngoma ya kwetu ya bara ya pwani. Ndipo mwimbaji anaanza:

Nimebisha mlango wa bati,
ndani kimya, nje jua kali.

Watangazaji wa redio husema ni wimbo wa mwanamume aliyefungiwa nje na mpenzi wake. Husema pia kwamba mapigo yale yaliigwa kutoka Ulaya. Na wote, bila kukosa, husifu mwisho wake. Ubeti wa tatu unapoanza tu, gitaa linashika noti moja na kuing'ang'ania, linavuma, linanguruma, haliachi. Dramu zinaendelea chini yake kwa raha kubwa. Kisha mwimbaji anapiga ukelele. Si kibwagizo, si neno, ni ukelele. Hapo wimbo unakatika. Watu wazima nimewaona wakifumba macho kuusubiri ukelele ule. Kwenye harusi ndio unaowainua watu vitini.

Nilikuwa nikiufanyia mazoezi jioni moja, jua bado halijazama, mama yule akaacha cherehani yake akaja kukaa mlangoni kwangu.

"Unapiga kama wimbo wa mapenzi," akasema.

"Si wa mapenzi?"

"Mapenzi gani? Wimbo wa nyumba huo. Nyumba ya Changamwe. Walikuja na tingatinga wakati wa barabara, wakabomoa chumba cha mdogo wangu na vya wenzake. Kuta zote chini. Mlango ukabaki umesimama na fremu yake, peke yake, jua likiupiga. Mdogo wangu akawa kila akipita anabisha hodi. Watu wanacheka, naye anacheka. Halafu siku moja akawa hacheki tena. Akaja kwangu na noti hizo mbili."

Nikamtazama. "Mdogo wako ndiye mpiga solo?"

"Ndiye. Nilimfundisha mapigo kwa mitungi ya maji kabla hajashika gitaa. Na hizo dramu unazozisikia ni zangu."

Nilijua ananiambia kweli kwa sababu aliinyoosha mikono akanipigia kwenye kizingiti cha mlango, na ikawa ndiyo yenyewe. Akanionyesha mahali ambapo besi inangoja, na kwa nini inangoja: mdogo wake alitaka msikilizaji adhani mlango utafunguliwa. Akanifundisha ubeti wa kwanza, kibwagizo, ubeti wa pili. Sijawahi kujifunza kitu kwa furaha kama jioni ile. Tulipofika ubeti wa tatu akaiondoa mikono yake.

"Hapo basi."

"Lakini mama, utamu wote uko hapo mbele! Lile gitaa linavyovuma, halafu ule ukelele..."

Alisimama kwa ghafla hadi kigoda kikaanguka. "Nimesema basi," akasema, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Hatukusemeshana hadi Jumapili, na hata siku hiyo alinisalimia kama mgeni.

Kilichovunja ukimya wetu ni harusi ya Miritini. Binti wa mmoja wa wapangaji wetu alikuwa anaolewa, ploti nzima ilialikwa. Bendi yetu ilipiga mchana, kisha tukampisha mpiga santuri. Mvua nyepesi ilikuwa imepita na ardhi ilikuwa na madimbwi. Mpiga santuri akaweka "Mlango wa Bati", watu wakapiga vigelegele, wakajaa uwanjani. Bwana harusi alikuwa ameshika maikrofoni akiimba pamoja na wimbo.

Nilimwona mama yule akisukuma watu. Nilidhani anatoka, kama alivyozoea wimbo huo ukipigwa. Alikuwa anakwenda kinyume, kwenye mitambo. Gitaa lilipoanza kuvuma kwenye ubeti wa tatu, alimrukia bwana harusi, akampiga mkono hadi maikrofoni ikaangukia matopeni, kisha akainama akazing'oa nyaya zote ukutani.

Bibi harusi alianza kulia. Mjomba wake, mtu wa mabega mapana, akamshika mama yule mkono akamvuta.

"Una wazimu? Unampiga bwana harusi?"

"Tazameni waya!" alikuwa akisema. "Kuna maji! Tazameni hizo waya!"

Mpiga santuri akaiinua plagi juu ili kila mtu aione. Ilikuwa mpya, nzima, miguu mitatu. Waya zote zilikuwa zimepitishwa juu ya viti, hakuna uliogusa tope. Hakukuwa na kosa lolote. Mama yule aliitazama ile plagi. Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Mjomba akamsukuma kuelekea njiani, leso yake ikamvuka kichwani. Niliingia katikati. Nilimwambia mjomba kwamba akimsukuma tena atanisukuma mimi kwanza, ingawa angeweza kunivunja. Alitutemea mate miguuni akaturuhusu kuondoka.

Tulitembea hadi barabara kubwa, tukakaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, malori yakipita. Alijifunga leso yake upya. Ndipo akaniambia.

"Siku ya kurekodi tulikuwa tumechelewa. Studio ilikuwa na watu wengine wanangoja. Amplifaya ya mdogo wangu, plagi yake ilikuwa imekatika. Mdogo wangu akasema, dada, tungoje, fundi wa studio amekwenda kutafuta nyingine. Nikamwambia hatuna muda. Nikamwambia, nipe kiberiti."

Lori lilipita. Akangoja sauti yake ipotee.

"Mimi mwenyewe, baba. Kwa mikono hii. Nikazikaza njiti nikaketi kwenye dramu zangu. Ubeti wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu akasogea kwenye maikrofoni kuimba pamoja na mwenzake. Mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye chuma. Akashikwa. Hawezi kuachia. Ile noti mnayoipenda, ile inayovuma, ni mkono wake umekaza. Ule ukelele ni mwenzake alipogeuka akamwona."

Nikaitazama mikono yake.

"Na unasikia dramu zinaendelea? Mimi nilikuwa nimefumba macho. Kila siku nilikuwa namwambia, ivute hiyo noti, usiiachie mapema, ivute. Nikasikia anaivuta. Nikasema moyoni, leo mdogo wangu ameelewa. Nilikuwa na furaha. Unanisikia? Nilifumba macho kwa furaha."

Walimfikisha hospitali akiwa ameshakata roho. Mwenye studio aliutoa wimbo vilevile ulivyokuwa, ukaishia kwenye ukelele, na kabla ya msimu kwisha ulikuwa kila mahali. Mama yao alifariki akiusikia kwa majirani. Mpiga dramu hakushika fimbo za dramu tena. Na jambo la kiberiti hakumwambia mtu. Wenzao wa bendi, waliokuwa bado nje alipozikaza njiti, waliamini ni fundi wa studio aliyeunganisha vibaya, naye mama akawaacha waamini hivyo.

"Sasa umejua," akasema. "Ukitaka kuhama ploti, hama."

Sikuhama. Nilikaa pale hadi nilipooa, ndipo tukahamia Kisauni, upande wa pili kabisa wa mji. Niliendelea kumpigia simu, na sikukuu nilimpelekea unga na mchele.

Huko Kisauni ndiko nilikomjua yule mwimbaji. Alikuwa mzee sasa, mwenye kanzu na kofia, aliyekuwa bado akialikwa kwenye hoteli kuimba wimbo ule mmoja. Aliponisikia nikimtaja mama mpiga dramu wa Magongo, alinishika mkono.

"Yuko hai? Nipeleke, mwanangu. Nimeogopa kwenda peke yangu tangu tulipomzika nduguye."

Nilimpigia mama simu. "Mwambie aje," akasema. "Lakini aje mchana. Nataka kumwona uso."

Tulifika baada ya adhuhuri. Alikuwa amekaa barazani, macho yamepungua nguvu, cherehani ameshampa jirani. Mwimbaji alisimama uani, hakukaribia.

"Salaam aleikum, dada."

"Aleikum salaam. Kaa, bwana. Umekonda."

Akakaa. Niliwawekea chai, hakuna aliyeigusa. Nilitaka kuondoka, mama akanionyesha kiti kwa kidole. Mwimbaji ndiye aliyeanza, na alianza kama mtu anayeruka shimo.

"Dada, mimi ndiye niliyemwita. Ubeti wa tatu alikuwa hana kazi kwenye maiki. Nilimpungia mkono nikamwambia njoo tuimbe wote. Lau nisingemwita, asingegusa. Nilijua wewe uliniona. Nilijua ndiyo maana hukutaka kuniona tena."

"Sikukuona," mama akasema. "Nilikuwa nimefumba macho."

"Hukuniona?"

"Sikuona kitu. Nilidhani wewe ndiye hutaki kuniona mimi, kwa sababu unajua."

"Najua nini?"

Mama aliivuta leso yake mabegani. "Ile amplifaya haikuunganishwa na fundi. Fundi alikuwa nje anatafuta plagi. Niliiunganisha mimi. Kwa njiti."

Mwimbaji aliinuka. Alikwenda hadi getini, akashika chuma cha geti, akatugeuzia mgongo. Nilidhani anaondoka, na niliona mama naye anadhani hivyo, maana alifumba macho. Wapangaji waliokuwa wakifua waliinua vichwa.

"Yule fundi," mwimbaji akasema bila kugeuka. "Nilimwita muuaji mbele ya watu. Msikitini nilihama safu nisisimame naye. Wallahi, alipokufa sikwenda hata kumzika."

"Najua," mama akasema. "Nilisikia. Nikakuacha umchukie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa yeye, si mimi."

Mwimbaji akaliachia geti. Kisha akarudi, akakaa, si kwenye kiti chake cha kwanza bali kwenye jamvi, chini, karibu na miguu ya mama. Alilia kama wanavyolia wanaume wazee, kwa mabega tu. Mama hakumgusa, wala hakumwomba msamaha. Alisema tu kwamba fundi yule alikuwa na watoto, na kwamba kesho wataondoka wote wawili kwenda kwa watoto hao kusema ukweli, wapate wa kuwabeba wasipate. Mwimbaji akaitikia kwa kichwa.

Chai ilikuwa imepoa. Baada ya muda mama akamuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Hotelini wewe hupiga ukelele, kisha?"

"Kisha wanapiga makofi. Basi."

"Huendelei na ubeti wa tatu, ule ambao hatukuumaliza?"

"Niendelee na nini? Siukumbuki. Mstari wa kwanza tu. 'Fungua, mama, ni mimi niliyejenga.'"

"Na wa mwisho? 'Kama hakuna wa kufungua, nitaingia na mvua.'"

"Na upepo," mwimbaji akasema. "'Nitaingia na upepo.'"

"Mvua!"

"Dada, upepo. Nilikuwa mimi mwimbaji."

"Na mimi nilikuwa dada yake! Bati lile lilikuwa limetoboka, lilivuja juu ya kitanda chake. Upepo utaingiaje kwenye tundu la msumari? Mvua!"

"Basi imba wewe," akasema, uso wake bado umelowa machozi.

Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akiimba, hata kanisani. Alisafisha koo. Akaanza na ule mstari wa kwanza, akaukosea, akarudia. Ya katikati hakuyajua, akayapita kwa kuguna tu, hadi akafika kwenye mvua. Sauti yake ilikuwa mbaya, kavu, imepanda juu kuliko wimbo. Mwimbaji akafungua mdomo kutaka kumsahihisha, kisha akaufunga. Tukamwacha aimbe.